Siku Nilipotawanya Buletini za Shule Nzima

Niseme mapema, kabla hamjaanza kumsingizia mtu mwingine: ni mimi. Yule mzee wa ndege ambaye hata muuza mkate wa barabara yetu akimwona anatandaza mikono kama mabawa na kujiangusha juu ya meza yake mwenyewe, yule ambaye watoto wasiomjua jina wanamwita Papa Buletini, ni mimi mwenye miaka sabini na moja, mwenye cheti cha sekondari kilichotundikwa ukutani, na mwenye akili zake zote (mke wangu anasema hilo la mwisho bado linachunguzwa).

Ili mnielewe lazima nianze na binti yangu Odette, kwa sababu aibu ilikuwa yangu lakini hasara ilikuwa iwe yake. Odette ni mtoto wangu wa tatu. Alipomaliza shule ya msingi alitaka kusoma umeme, na mimi nikamwandikisha ushonaji. Hakunibishia. Alishona miaka miwili, akanishonea hata shati moja ambalo mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia (sikujua kama ni bahati mbaya au ni barua), halafu siku moja alinisikia barazani nikiwaambia rafiki zangu kwamba mashine na mwanamke havipatani, na wiki ile ile akafunga mzigo akaenda kwa shangazi yake Kolwezi. Huko alianza shule upya, peke yake, na leo kazi yake ni kurusha ndege ndogo zisizo na mtu ndani, zinazopita juu ya mashimo ya migodi zikipiga picha ili wakubwa wajue mlima wa mchanga umepungua kiasi gani. Kwa miaka mingi alikuwa anakuja Noeli, anakula, ananiuliza habari za mgongo wangu, anaondoka. Adabu yote ilikuwepo. Kitu kingine ndicho kilichokosekana, na mwenye kukifukuza nilikuwa mimi.

Basi mwaka huu alikuja mwezi wa sita na katoni ndefu, na habari. Alikuwa amechoka na Kolwezi na alitaka kurudi nyumbani. Mkuu wa shule moja ya ufundi hapa kwetu, mama mmoja mkali ambaye wote tunamwita Mama Prefe, alikuwa na chumba kitupu na alikuwa tayari kukifanya atelier, karakana ya kufundisha wanafunzi kutengeneza na kurusha ndege kama zile, na Odette awe mwalimu wao. Shida ilikuwa wazazi. Baadhi yao walisema ni mchezo wa watoto wa matajiri, wengine walisema ni hatari, na wengine walisema yale niliyoyasema mimi barazani. Mama Prefe akampa Odette dakika kumi siku ya kutangaza matokeo, ile siku tunayoiita proclamation, wazazi wote wakiwa wamekaa kiwanjani chini ya mahema. Wakikubali, anaanza kazi mwezi wa tisa. Wakikataa, mkataba mwingine wa miaka mitatu ulikuwa unamngoja Kolwezi, na barua ya kuukubali alikuwa nayo ndani ya mkoba, imebaki sahihi tu.

Jioni ile akaniambia, akiwa anafungua katoni bila kunitazama:

"Papa, kama nikirusha minye, batasema huyu ni fundi, ni kazi yake. Lakini kama ukirusha weye, muzee, wiki mbili tu ya kujifunza, kila muzazi ataona mutoto wake anaweza."

"Minye? Na hii macho?"

"Macho yako inaona mutu mwenye hakukusalimia toka ngambo ya gare ya treni. Itaona na ndeke."

Mke wangu akacheka mpaka akaketi. Mimi nikasema nitafikiri, nikaenda chooni, nikafikiri kama dakika moja hivi, nikarudi nikasema ndiyo. Miaka yote ile hakuwahi kuniomba kitu.

Ndege yenyewe ilikuwa ya mafunzo, nyeupe, mabawa ya njano yamekaa juu ya mgongo, upana wake kama mikono miwili iliyonyooshwa, na imetengenezwa kwa kile kitu cheupe chepesi kinachowekwa ndani ya katoni ya televisheni. Komande zilikuwa mbili, masanduku mawili yanayofanana kama mapacha, kila moja na vijiti viwili, na kati yao waya. Odette alinieleza mara nyingi, na nitawaeleza na ninyi kwa sababu ndiyo kiini cha upumbavu wangu: komande moja ni ya mwalimu, nyingine ni ya mwanafunzi. Mwalimu akibana kitufe fulani, ndege inamsikiliza mwanafunzi. Mwanafunzi akianza kuharibu, mwalimu anaachia kitufe, na mara moja ndege inarudi kwake. Ili asichanganye, Odette alikuwa amebandika utepe mwekundu kwenye komande ya mwalimu.

Tulijifunza njia ya Buluo, kwenye uwanja wa majani makavu, kila asubuhi kabla upepo haujaamka, mimi nimevaa koti na kofia ya sufu kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita. Na niwaambie ukweli: nilipenda. Nilikuwa mwendesha pont roulant kiwandani, ile winchi kubwa inayotembea chini ya paa, nikikaa ndani ya kibanda huko juu na manete mbili, vile vijiti vya kuongozea, mkononi, kwa hiyo vidole vyangu vilijua kazi. Siku ya nne nilikuwa nazungusha ndege mduara mzima. Siku ya nane nilitua. Siku ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja nilitua tena, na kila mara Odette alisema "Muzuri, Papa," nami nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama mtu aliyenunua barabara.

Kuna jambo moja tu la pont roulant ambalo lazima mlijue. Mwendesha winchi mara nyingi haoni mzigo wake. Umejificha nyuma ya tanuru, umeingia kwenye moshi, na wewe huko juu huna la kufanya ila kumtazama mtu mmoja aliyesimama chini, anayekuongoza kwa mikono. Viganja juu, pandisha. Viganja chini, shusha polepole. Mkono pembeni, nenda upande huo. Ngumi ikifungwa, simamisha kila kitu, achia manete, na mzigo unaning'inia palepale hewani. Hufikiri. Ukifikiri unaua mtu. Kwa miaka ishirini na miwili mtu wangu wa chini alikuwa Donat, na siku hizi Donat ni maestro wa kwaya ya parokia.

Sasa mmeanza kuona. Mimi sikuona.

Siku ya proclamation ilifika, Jumamosi, jua kali na vumbi, wazazi wamejaa, akina mama na vitenge vipya, akina baba na makoti ya arusi zao. Mbele kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na juu yake buletini, zile karatasi za matokeo, za shule nzima, zimepangwa darasa kwa darasa, kila fungu limewekewa jiwe dogo. Mnajua desturi yetu: waliofaulu vizuri wanasomwa kwa sauti na asilimia zao, watu wanapiga makofi, mama anatoka mbio kumpaka mtoto poda kichwani. Walioanguka hawasomwi. Wanapewa karatasi yao kimyakimya na wazazi wanaifungulia nyumbani, mlango umefungwa. Upande wa kulia ilisimama kwaya ya Donat, nguo za zambarau, tayari kuimba wakati ndege inaruka, kwa sababu Mama Prefe hakutaka wazazi wachoke.

Mimi nilikuwa kwenye kona ya kiwanja na Odette, ndege iko chini mbele yetu, komande mbili juu ya kiti. Odette akaitwa na Mama Prefe wapange watu wasivuke kamba. Na wakati huo huo akaja Papa Gaston, tuliyefanya naye kazi kiwandani, mwenye mdomo ambao haujawahi kupata likizo.

"Papa Odette! Ile waya ni ya nini?"

"Ni ya usalama. Mwalimu anaweza kunisaidia."

"Aaa. Njo kusema mutoto wako atarusha, na weye utakamata tu kasanduku." Akageuka kwa wenzake wawili nyuma yake. "Banamufunga kama mbuzi, juu asikimbie!"

Wakacheka. Nami nikacheka pia, kicheko kile cha meno tu. Na baada ya wao kwenda kukaa nikatazama zile komande mbili, nikajiuliza: nimetua mara nne, peke yangu, waya huu unanisaidia nini tena? Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, kisha (nilikuwa na miaka sabini na moja, nawakumbusha) nikabandua utepe mwekundu kwenye komande ya mwalimu na kuubandika kwenye ya mwanafunzi. Ilinichukua muda wa kupiga chafya. Nilitaka nitue mbele ya watu wote, halafu nimgeukie Papa Gaston na kumwambia: umeona, mbuzi hakuwa na kamba.

Odette akarudi, akachukua komande yenye utepe, akanitazama.

"Uko sawa, Papa? Na hii jua umevaa kofia?"

"Ni baridi," nikasema, na jasho lilikuwa linanitoka kofiani.

Tuliruka. Nawaambia, tuliruka vizuri! Ndege ilikimbia juu ya majani, ikainua pua, ikapanda juu ya mlingoti wa bendera, watu wote wakasema "Eeee!" kwa pamoja na kwaya ikaanza kuimba. Odette alikuwa amebana kitufe chake, akiamini kwamba yeye ndiye amenipa ruhusa ya kurusha, na ananinong'oneza, "Muzuri, zungusha kushoto, muzuri." Nikazungusha. Nikapita mbele ya mahema. Nikaona Mama Prefe anatabasamu, jambo ambalo wengine wamesoma pale miaka sita bila kuliona. Nikazungusha tena, juu zaidi, kwa sababu ya Papa Gaston, na hapo ndege ikaingia kwenye jua.

Yeyote aliyewahi kurusha anajua: ndege ikiingia kwenye jua haipo. Unaona mwanga na machozi. Odette alinifundisha la kufanya: achia vijiti taratibu, mwambie mwalimu "chukua." Lakini nilijua mwalimu hana cha kuchukua. Nikashikwa na woga, na woga ulipofika mwili wangu ulifanya kile ulichokifanya miaka ishirini na miwili kila mzigo ulipopotea: nikashusha macho, nikamtafuta Donat.

Na Donat alikuwepo. Amesimama mahali palepale pa mtu wa chini, ananigeukia upande, na mikono yake iko hewani.

Viganja juu. Nikapandisha.

Mkono pembeni, kwa waimbaji wa soprano. Nikaenda upande huo.

Viganja chini, polepole, kwa sababu wimbo ulikuwa umefika mahali pa kuimba kwa sauti ndogo. Nikashusha polepole. Na ndege ikatoka kwenye jua, nzuri, tulivu, ikiteremka sawasawa kuelekea kwenye meza.

"Papa, pandisha," akasema Odette. Halafu: "Papa! Nakamata!" Nikasikia kitufe chake kikiachiwa, tak. Nikasikia vijiti vyake vikivutwa, mara moja, mara mbili. "Haiko! Haiitike! Papa, haiitike!"

Nami sikuweza kung'oa macho kwenye ile mikono. Kwaya ikafika mwisho wa ubeti, na Donat akafunga ngumi.

Nikasimamisha kila kitu. Nikazima mota na kuachia vijiti vyote viwili, nikingoja mzigo uning'inie.

Ndege haining'inii. Ilipita katikati ya meza kwa tumbo lake, ikasukuma mawe yote madogo, ikasukuma kitambaa, ikamkosa mwalimu wa hesabu kwa upana wa kiganja (alikuwa ameinama kufunga kiatu, na tangu siku hiyo anaimba kwaya), ikaanguka pua chini kwenye majani. Hakuna mtu aliyeumia, namshukuru Mungu kila nikiandika sentensi hii. Lakini nyuma yake ulikuja upepo, ule upepo wa saa nne wa wakati wa baridi, wenye vumbi jekundu, ukakuta buletini za shule nzima hazina mawe.

Zilipanda zote. Kwa muda zilikuwa nyingi hewani kuliko ndege yoyote niliyoirusha. Halafu zikashuka: kwenye mapaja ya wazazi, kwenye mahema, kwenye kofia, barabarani, na wazazi mia kadhaa wakainuka kukimbiza karatasi, na mtu akiokota karatasi atafanya nini, atasoma.

"Mungu wangu! Mutoto wa shemeji, quarante-deux!" (Arobaini na mbili kwa mia.)

"Leta hapa, hiyo si ya kwako!"

"Unaniambiaka soixante, kumbe ni hii?" (Huyu alikuwa baba aliyeambiwa sitini, amemshika mwanawe sikio, na mwana anajibu kwamba ni jina linalofanana.)

Mama mmoja alikaa juu ya buletini tatu, hakutaka kuinuka wala kusema ni za nani. Mzazi mmoja wa komite ya shule, kati ya wale waliosema atelier ni mchezo wa watoto wa matajiri, alikuwa anasomewa kwa sauti na jirani yake matokeo ya mwanawe mwenyewe. Siri zilizokuwa zifunguliwe nyumbani, milango imefungwa, zilifunguliwa mchana kiwanjani, na mimi ndiye niliyefungua.

Lakini hayo yote bado hayakuwa aibu yangu. Aibu yangu ni hii inayofuata.

Odette alisimama katikati ya kiwanja, uso wake umebadilika rangi, komande yenye utepe iko mkononi, anabana na kuachia kile kitufe, anabana na kuachia. "Pole," alimwambia Mama Prefe. "Pole sana. Ilikuwa kosa yangu. Sikuhakikisha." Akageukia wazazi. "Pole. Ni minye njo mwalimu, komande ilikuwa kwangu." Na kutoka chini ya hema nikamsikia Papa Gaston, si kwa ubaya, kwa sauti ya mtu anayesema hali ya hewa: "Ee, mashine na mwanamuke..." Vichwa viwili vitatu vikakubali.

Sitawaficha. Nilinyamaza. Nilinyamaza muda wa kutosha binti yangu kuomba msamaha mara ya nne. Nilikuwa nafikiri (na ni vibaya sana kuandika nilichofikiri) kwamba nyaya huharibika, kwamba yeye ni kijana, watu watasahau, kwamba mzee akidharauliwa hana muda wa kujirekebisha. Halafu akainama kuokota ndege, akaipangusa pua iliyovunjika kwa kiganja, na nikaona anaangalia mkoba wake kule kwenye kiti. Ile barua ya Kolwezi. Niliona kwa macho haya anavyoiweka sahihi kichwani.

Nikamwendea Mama Prefe, nikachukua kile kipaza sauti bila kuomba, kikapiga kelele, watu wote wakageuka na karatasi mikononi.

"Waya haikuharibika," nikasema. "Mwalimu hakukosa. Ni minye. Nilibadilisha komande kwa siri, nikaweka alama yake kwenye ya kwangu, juu nilitaka munione kama minye mukubwa. Yeye alikuwa na kasanduku katupu. Na ile neno ya mashine na mwanamuke, mwenye kuisema wa kwanza hapa ni minye. Mutoto wangu alinisikia. Nilikosa siku ile, na leo nimekosa tena."

Nadhani hata mama wa buletini tatu aliinuka kidogo. Halafu, nikiwa bado na kipaza sauti, nikaona nieleze yote, nikasema kwamba nilifuata mikono ya Donat.

"Mikono yangu?" akapiga kelele Donat kutoka kwenye kwaya. "Nilikuwa nanyamazisha ba soprano!"

Hapo kiwanja kizima kikaanguka kwa kicheko, kwaya, walimu, walioanguka na waliofaulu, Papa Gaston anajifuta macho kwa tai yake. Mtu mmoja tu hakucheka. Odette alinijia, akanipokonya kipaza sauti, akakizima, akasema polepole ili nisikie mimi tu:

"Papa, zile mara ine ulitua njia ya Buluo."

"Ee?"

"Haukutua. Sekunde ya mwisho nilikuwa naachia kitufe, nakamata, natua. Kila siku. Sikukuambia juu ulikuwa unafurahi."

Nimepigwa na mzigo mara moja kiwandani, begani. Ule ulikuwa mwepesi.

Mama Prefe hakusema ndiyo wala hapana. Alisema: "Jumatatu, saa mbili, ku biro, mbele ya meza yangu. Wote wawili. Na buletini yote yenye kupotea iwe imerudi kwangu." Zilikuwa zimepotea kumi na tisa. Jumapili baada ya misa nilizunguka, na Donat alikataa niende peke yangu (alisema mtu wa chini haachi zamu), tukatembea toka reli mpaka upande wa mlimani, mlango kwa mlango, nikiuliza kama upepo ulileta kitu. Wengine walinipa karatasi na kikombe cha chai. Wengine walinipa karatasi na maneno. Baba mmoja alinifokea robo saa nzima kwa sababu sasa mtaa mzima unajua mwanawe ana asilimia thelathini na nane, na nilisimama nikayapokea yote, hayakuwa ya mtu mwingine. Lakini alipomaliza, akashusha pumzi, akaniuliza: ile atelier ya binti yako, inapokea na walioanguka?

Nilimjibu sijui. Usiku nikampelekea Odette swali hilo, kwa sababu ndilo jambo pekee zuri nililorudi nalo. Akasema: "Hao njo nawataka."

Jumatatu Mama Prefe alizihesabu buletini kumi na tisa, akazifunga kwa mpira, akamgeukia Odette. Alisema wazazi watano walikuja kumwona tangu Jumamosi. Wanne kati yao walitaka kujua kama kweli ule waya ungeokoa ndege kama mzee asingeuchezea. Odette akasema ndiyo. "Onyesha," akasema Mama Prefe. Basi ndege yenye pua ya gundi ikatolewa kiwanjani, kiwanja kitupu, na Mama Prefe mwenyewe, na viatu vyake vya kisigino, akashika komande ya mwanafunzi. Alirusha vibaya kuliko mimi, na sisemi kwa kujisifu. Mara tatu ndege iligeuka tumbo juu ikaelekea ardhini, na mara tatu Odette aliachia kitufe, tak, na ikanyooka, kama mtoto anayeshikwa mkono kabla hajavuka barabara. Mara ya tatu Mama Prefe alipiga kelele ya furaha ambayo nimeapa kutoiiga mbele ya mtu.

Akasema wazazi atawajibu yeye mwenyewe, na barua ya Kolwezi ilirudi Kolwezi bila sahihi. Odette analala sasa katika chumba chake cha zamani mpaka apate nyumba, na mama yake anajifanya hasikii kila tunapozungumzia nyumba.

Atelier ilifunguliwa mwezi wa tisa, wanafunzi kumi na wanne, sita kati yao wasichana, na yule wa asilimia thelathini na nane yupo. Mimi nimeandikishwa pia, jina langu liko mwisho wa orodha, na sijapewa ruhusa ya kutua. Nimeapa kwamba kitu ambacho binti yangu amekishika sitakichukua tena mkononi mwake, si kwa nguvu na si kwa ujanja, na kwamba nikishindwa nitasema "chukua" kwa sauti ya kusikika. Kundi jipya likianza, siku ya kwanza Odette hagusi ndege wala ubao. Anavuta kiti, anakiweka mbele ya darasa, anawaambia wanafunzi wafunge daftari, kisha ananigeukia.

"Papa," anasema, "baambie bote."

Nami nakaa, navua kofia, nawaambia yote.